Mwongozo kamili: jinsi ya kuandaa mdahalo wa wagombea kwenye kata au jimbo lako, wakati kila mgombea ana sababu yake ya kukataa

Naandika hii kwa ajili ya vijana wa vikundi, walimu, masheikh na wachungaji, watu wa redio za jamii na mtu yeyote wa Mtwara au Lindi anayetaka kuona wagombea wake wamekaa sehemu moja wanajibu maswali mbele ya watu. Nimeshakaa kwenye kamati za midahalo ya kata mara tatu hapa Mtwara, mmoja ulienda vizuri mpaka mwisho, mmoja ulifanyika mgombea mmoja hajaja, na mmoja ulikufa usiku wa kuamkia siku yenyewe, viti vimeshakodiwa vimepangwa uwanjani na akina mama wameshakubaliana nani abaki na watoto. Huo uliokufa ndio ulionifundisha kuliko yote. Haukufia stejini, ulikufa wiki mbili nyuma wakati sisi tunakubaliana mambo kwa mdomo, huyu tunampigia simu, yule tunakutana naye kijiweni tunamwambia "mzee usikose", na kila mmoja akabaki na picha yake kichwani ya huo mdahalo utakavyokuwa. Zilipokutana hizo picha zikagombana.

Kwaiyo ukisoma mwongozo huu utaona nakaa sana kwenye mambo ya kabla. Siku yenyewe ina kazi ndogo kama kabla umefanya vizuri.

Jambo la kwanza kabisa la kujua: hakuna sheria inayomlazimisha mgombea kwenda kwenye mdahalo hapa kwetu. Mwaka 1995, uchaguzi wa kwanza baada ya vyama vingi kurudi, wagombea urais wote wanne, Mkapa, Mrema, Lipumba na Cheyo, walikaa wakajibizana na watu wazima wengi bado wanaukumbuka. Mwaka 2015 watu walisubiri Magufuli na Lowassa wakae jukwaa moja la mdahalo na hawakukaa. Sheria ilikuwa haijabadilika kitu, kilichobadilika ni hesabu za wagombea, nani anaona atapata na nani anaona atapoteza. Ukilielewa hilo hutaenda kwa mgombea na lugha ya "ni wajibu wako", manake atakuuliza wajibu huo umeandikwa wapi na hutakuwa na jibu.

HATUA YA 1: Kamati ambayo hakuna anayeweza kuinyooshea kidole

Watu watano mpaka saba wanatosha. Usiweke mtu mwenye kadi ya chama anayeonekana kwenye mikutano, usiweke balozi wa nyumba kumi, usiweke mtu aliyegombea kura za maoni za chama akaanguka (huyu ana kidonda bado). Weka mwalimu mstaafu, mtu wa msikitini na mtu wa kanisani, mama mmoja wa VICOBA (vikundi vya kuweka na kukopa) anayeheshimika, kijana wa bodaboda au wa mazao, na mtu mwenye ulemavu kama yupo anayependa hizi kazi, usimweke kwa kujaza nafasi, muweke kwa sababu kuna maswali ambayo wengine hamtayafikiria.

Halafu kaeni mzunguke mezani kila mtu aseme undugu wake na wagombea. Hapa kwetu kila mtu ni ndugu wa mtu, binamu, shemeji, mtoto wa rafiki wa baba, walicheza jando pamoja. Hilo haliepukiki na si dhambi. Dhambi ni kulificha. Kwenye ule mdahalo uliokufa, mwenyekiti wetu alikuwa amemuoa dada wa mke wa mgombea mmoja, sisi wote tulijua, hatukuandika popote, na mgombea mwingine alipolisema usiku ule tulionekana tulikuwa tunaficha. Tungeliandika mwanzoni kwenye barua lisingekuwa silaha.

HATUA YA 2: Kibali na ratiba

Mdahalo ufanyike ndani ya kipindi cha kampeni, na muda wa kampeni kwa maadili ya uchaguzi ni saa 2 asubuhi mpaka saa 12 jioni, kwaiyo sahau mdahalo wa usiku hata kama usiku ndio watu wametulia. Nenda kwa msimamizi msaidizi wa uchaguzi wa kata, au kwa msimamizi wa jimbo kama ni wagombea ubunge, na uende mapema manake ratiba ya mikutano ya vyama inapangwa pale na ikishapangwa kumtoa mgombea kwenye mkutano wake ni kazi. Barua nyingine peleka polisi. Kama nyie ni asasi na mnataka kuongeza na elimu ya mpiga kura, ujue hiyo inahitaji kibali cha Tume ya Uchaguzi, msiichomeke kimyakimya.

Siku: epuka Ijumaa mchana, epuka Jumapili asubuhi, na uchaguzi mkuu wetu unaangukia Oktoba, msimu wa korosho, watu wapo mashambani wanaokota, kwaiyo uliza AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) siku ya mnada na siku ya kupeleka mzigo ghalani. Ukiweka mdahalo siku hiyo utaongea na viti.

HATUA YA 3: Barua moja, siku moja, saa moja

Hii ndio roho ya mwongozo wote. Usimpigie mgombea yeyote kabla ya mwingine. Andikeni barua moja yenye maneno yaleyale, pelekeni kwa wagombea WOTE walioteuliwa siku ileile, na kila mmoja asaini kwenye daftari la kupokelea akiandika saa. Barua iwe na tarehe, mahali, dakika za kila mtu, namna ya kupanga nani anaanza, nani ataongoza, maswali yanatoka wapi, watu wangapi kila mgombea anaruhusiwa kuja nao, na kitu kitakachotokea kama mtu hatakuja. Hicho cha mwisho wengi wanakiacha kwa aibu na ndicho kinachowaua.

Kuhusu wangapi waalikwe, jibu langu ni wote walio kwenye karatasi ya kura, basi. Marekani wana utaratibu wao wa kuchuja kwa kura za maoni za wananchi, tume yao ya midahalo iliweka asilimia 15 tangu mwaka 2000, lakini huku kwenye kata hakuna kura ya maoni ya kupima hivyo na ukianza kuchuja kwa macho umeshachagua upande. Kenya mwaka 2013 waandaaji walitaka kuwaacha baadhi ya wagombea, mmoja wao, Paul Muite, akaenda mahakamani, na mwisho wakapanda wote wanane. Mwaka 2022 wakagawa wagombea wanne makundi mawili kwa umaarufu, George Wajackoyah akafika mlangoni akagoma kuingia akitaka wote wanne wawe jukwaa moja. Tatizo lilelile, miaka tisa baadae. Na upande wa pili upo pia, Marekani mwaka 1980 Rais Carter aligoma kupanda kwa sababu mgombea binafsi John Anderson ameitwa, basi Reagan na Anderson wakafanya wawili. Kwaiyo mkubwa anaweza kukwambia "mimi sikai na yule mwenye wafuasi kumi". Mjibu kwa heshima kwamba Tume imemteua kama ilivyokuteua wewe mheshimiwa, sisi wananchi hatuna mamlaka ya kumtoa.

HATUA YA 4: Kuzijibu sababu za kukataa, moja baada ya nyingine

Hapa utatumia wiki nzima, usione umechelewa. Nilichojifunza ni kwamba mgombea mara nyingi hakatai mdahalo, anakataa kitu kimoja ndani ya mdahalo ambacho hajaambiwa kikoje, na anaona aibu kukitaja, basi anasema tu "ratiba imebana". Kazi yako ni kukaa na meneja wake wa kampeni mpaka hicho kitu kitoke.

"Ukumbi ni wa chama fulani." Malalamiko haya mara nyingi ni ya kweli, huku kwetu kumbi na viwanja vingi vina historia ya chama. Tafuteni sehemu ambayo hakuna bendera, uwanja wa soko, chini ya mkorosho mkubwa wa kijiji, ghala la AMCOS likiwa tupu kama bodi imekubali. Shule muulize msimamizi kwanza. Na mkubaliane hakuna bendera, sare wala nyimbo ndani ya eneo.

"Muongozaji ni mtu wao." Wapeni majina matatu, kila mgombea akate moja asilolitaka bila kutoa sababu, na kama yamekatwa yote anzeni upya na mengine matatu. Kenya mwaka 2013 Uhuru Kenyatta baada ya mdahalo wa kwanza alilalamikia jinsi ulivyoongozwa akasema wa pili haendi, na mwisho akaenda. Mtu akipewa nafasi ya kukataa mapema kwa siri anakosa sababu ya kukataa baadae kwa kelele. Mimi binafsi napenda muongozaji atoke nje ya kata, na kuna kitu kimoja cha kwetu cha kutumia, utani. Kama mgombea mzee na muongozaji wanatoka makabila yanayotaniana, akimkatisha "mtani, dakika zako zimeisha" hakuna anayenuna, lakini kijana wa palepale akimkatisha mzee wa palepale hiyo ni kesi mpaka msibani. Ila utani uishie kwenye muda tu. Akianza kutania majibu ya mtu mmoja tayari ameegemea.

"Mnataka kunizomea." Hii ni hofu halali na wanawake wanaogombea wanaisema zaidi kuliko wanaume, nao wanatukanwa vitu ambavyo mwanaume hatukanwi. Wekeni idadi sawa ya wafuasi kwa kila mgombea, mfano 20, wakae wamechanganyika na si kwa kambi, na kwenye barua muandike kwamba zomea ya kwanza ni onyo, ya pili dakika moja inakatwa kwa mgombea wa hao wafuasi. Tulipoandika hivyo wagombea wenyewe ndio waliokuwa wanawanyamazisha watu wao. Matusi ya mwili, ndoa au uzazi wa mtu, mhusika atoke nje, hakuna onyo.

"Nataka mada zangu." Ruto wa Kenya mwaka 2022 alitaka muda mwingi uende kwenye kilimo, afya na biashara ndogo, na mwenzake Raila Odinga akasema mdahalo usiogusa rushwa na uadilifu haendi, na kweli hakwenda, Ruto akasimama peke yake kama Raila alivyosimama peke yake mwaka 2017 Kenyatta alipokosekana. Suluhisho ni kwamba mada asichague mgombea wala kamati. Zitoke kwa wananchi, nitaeleza chini.

"Chama hakijaniruhusu." Hapa usimbane mgombea, hana mamlaka, ukimbana unamuumiza na chama chake. Muombe akupe jina la ngazi inayotoa ruhusa, kata, wilaya au mkoa, peleka barua huko wewe mwenyewe na ambatanisha masharti. Kuna chama kimoja kilituambia hapana wilayani, tukaonyesha kipengele cha zomea na cha muongozaji, wiki iliyofuata wakasema ndio.

Na kuna yule anayesema "mimi nakuja kama fulani anakuja", na fulani naye anasema hivyohivyo. Usikae katikati kama dalali. Waambie wote tarehe haisogei, atakayekuja amekuja. Museveni mwaka 2016 hakwenda mdahalo wa kwanza wa Uganda, wenzake wakaufanya bila yeye, na wa pili mwezi Februari akaja. Mdahalo unaofanyika ndio unaomvuta aliyekataa, unaosubiri haumvuti mtu.

Mkimaliza, yote mliyokubaliana yaandikwe ukurasa mmoja, kila mgombea au meneja wake asaini, kila mtu apewe nakala, na nakala moja ibandikwe kwenye mbao za matangazo. Watu wakiyasoma masharti mapema wanakuwa mashahidi wenu.

HATUA YA 5: Maswali

Pitisheni daftari. Saluni, kijiweni, kwa mama lishe, ghalani, zahanati siku ya kliniki, msikitini na kanisani baada ya ibada, pwani wavuvi wakirudi. Siku kumi. Halafu kamati iyapange kwa makundi na kundi lililotajwa na wengi liulizwe. Wagombea wajue MADA mapema, maswali yenyewe wasiyajue.

Sasa hapa nasisitiza sana. Swali lilingane na kazi anayoiomba. Mtu akimuuliza mgombea udiwani "utapandisha bei ya korosho?" anamfundisha kudanganya, manake diwani hapangi bei ya mnada, na atajibu "nitapandisha" na watu watapiga makofi. Muulize vitu vilivyo mikononi mwake. Halmashauri inatoza ushuru wa mazao, asilimia 3 kwa mazao ya biashara, sasa muulize hela hiyo ya kata yetu utaidai vipi kwenye baraza la madiwani irudi kutengeneza barabara ya kutolea mzigo shambani? Halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, muulize utahakikishaje kikundi cha kitongoji cha mwisho kinapata fomu na sio kinachokaa karibu na ofisi? Maeneo yanayoguswa na gesi kama Msimbati au Songo Songo kuna ushuru wa huduma ambao halmashauri inakusanya kwa makampuni, muulize utaufuatilia kwa njia ipi? Huko Newala na Tandahimba muulize maji, juu ya uwanda wa Makonde mtu anajua dumu la maji lina thamani gani.

Kwa ubunge ndio unaweza kupanda, stakabadhi ghalani na malipo yanayochelewa, salfa ya kupulizia mikorosho inayofika wakati maua yameshaungua na ugonjwa wa ubwiriunga, kangomba wanaonunua korosho ya mtu ikiwa bado ipo mtini kwa sababu mwenye shamba ana njaa mwezi wa saba, mfuko wa jimbo, barabara ya Kusini inayokatika mvua zikizidi kama ilivyokatika 2024 tukakaa hatuna gari la kwenda Dar. Hapo mbunge ana sauti, muulize atasema nini na wapi.

HATUA YA 6: Hesabu ya muda

Hesabu yangu kwa wagombea wanne ni hii. Kujitambulisha dakika 3 kila mtu, jumla 12. Maswali sita ya daftari, dakika 2 kila mmoja kwa kila swali, jumla 48. Kila mgombea anapewa kadi tatu za kujibu mapigo, kadi moja dakika moja, akizimaliza zimeisha, jumla 12. Maswali sita kutoka kwa watu waliokaa, dakika moja na nusu kila mmoja, jumla 36. Kufunga dakika 2, jumla 8. Ni dakika 116. Ukianza saa 8 mchana unamaliza kabla ya saa 10, watu wanawahi Alasiri na mama anawahi jikoni. Ukiwa na wagombea saba punguza maswali, usipunguze dakika za kujibu, manake chini ya dakika moja na nusu mtu anatoa kaulimbiu tu.

Nani akae wapi na nani aanze, vikaratasi kwenye kofia mbele ya watu. Swali linalofuata anaanza wa pili, hivyohivyo mpaka mzunguko uishe. Mtunza muda akae mbele na kitambaa cha njano zikibaki sekunde 30 na chekundu muda ukiisha. Kengele usitumie, mtu anaongea juu ya kengele.

HATUA YA 7: Vyombo

Septemba 1976 Rais Ford na Carter wakiwa wanajibizana laivu, sauti ilikatika dakika 27 na wote wawili wakabaki wamesimama tu pale stejini. Ikiwa Marekani ilitokea basi wewe uwanjani kwako jiandae. Jenereta hata kama umeme upo, petroli ya akiba, maiki mbili za ziada na betri zake, megafoni moja kwa ajili ya balaa. Fundi mitambo asiwe yule anayepiga mziki kwenye kampeni za mgombea mmoja, au kama ndio pekee mwenye spika hapo mtaani basi mtu wa kamati akae naye asimzimie mtu maiki. Redio ya jamii ikirusha, irushe mwanzo mpaka mwisho, isikate kipande.

Hela: kamati isipokee shilingi ya mgombea wala chama, wala maji ya kunywa, wala fulana, wala mgombea asiwanunulie watu soda pale. Gharama za uchaguzi zina sheria yake tangu mwaka 2010 na zawadi kwa wapiga kura zinaweza kukuletea TAKUKURU. Changishaneni, na hesabu zibandikwe.

HATUA YA 8: Asipokuja

Kiti chake kiwepo, na jina lake kwenye karatasi, kama mlivyoandika kwenye barua. Muongozaji aseme mara moja tu: fulani alialikwa tarehe fulani, alisema hivi, hayupo. Basi. Msikiite kiti majina, msikiwekee kofia, msikiulize maswali watu wacheke, nimeona watu wakifanya hivyo na wafuasi wa aliyekosekana wakanyanyuka nusu wakaondoka, na hao ndio tuliotaka wasikie wengine. Dakika zake zisigawiwe wenzake, zipelekwe kwa maswali ya wananchi. Na akifika kachelewa aingie, aanzie swali linaloendelea, ya nyuma hayarudiwi.

Akibaki mmoja tu, aulizwe maswali yote na dakika zilezile, ila msiuite mdahalo, ni kikao cha maswali na mgombea.

HATUA YA 9: Baada ya hapo

Rekodi yote iwekwe sehemu moja, simu moja ya kamati na flashi mbili, manake kesho yake zitaanza kuzunguka klipu za sekunde 15 kwenye magrupu ya WhatsApp zimekatwa kichwa na miguu, na mgombea atakuja kwenu analia. Mkiwa na nzima mnamtumia yeye na wenzake siku hiyohiyo. Mwalimu wa kamati aandike ahadi za kila mmoja neno kwa neno, bila kuzipamba, kila mgombea asome za kwake na kuweka saini. Nakala moja ikae kwenye faili la serikali ya kijiji au mtaa, moja msikitini, moja kanisani. Aliyeshinda akiitisha mkutano wa kwanza wa kata, mama wa VICOBA aende nayo mkononi akakae kiti cha mbele.